Baraza Linalotitia na Sababu Zilizo Chini Yake

Masika yanapokwisha na ardhi kuanza kukauka, nyumba nyingi za kata huonyesha dosari ambayo haikuonekana mwezi Februari. Kati ya ukuta wa mbele na sakafu ya baraza hutokea ufa mwembamba. Baada ya wiki chache ufa huo hupitisha njiti ya ufagio, kisha kidole. Maji ya kupigia deki, ambayo zamani yalitoka nje yenyewe, husimama katikati au hurudi mlangoni. Ngazi ya chini huinama upande mmoja. Hali hiyo ndiyo kutitia, na neno hilo linafaa kushikwa vizuri tangu mwanzo, kwa kuwa kinachoshuka si sakafu peke yake bali ardhi iliyoibeba.

Fundi akiitwa, ushauri wa kwanza mara nyingi huwa wa aina moja.

"Shikamoo, mama. Hapa hakuna kazi kubwa. Tutamwaga zege jingine juu, tutasawazisha, kisha tutapiga niru."

"Marahaba, mwanangu. Na mwakani je?"

Swali la mama huyo ndilo linalochunguzwa katika makala haya. Si kwamba kufunika baraza kwa tabaka jipya ni kosa siku zote. Zipo hali ambazo kazi hiyo inafaa na inadumu. Lakini haiwezekani kujua kama inafaa kabla ya kujua baraza limeshuka kwa sababu gani, na kama bado linashuka.

Jambo hili si la urembo. Barazani ndipo wazee wanapoketi jioni, watoto wanapoandikia madaftari yao, na mgonjwa anapotolewa apate hewa. Katika nyumba za kale za Lamu, Mombasa na Unguja, viti vya mawe vilivyojengwa mbele ya mlango ndivyo vilivyopokea wageni, na neno hilohilo la baraza ndilo linaloitwa hadi leo mahali pa kukutania na kushauriana, likiwamo Baraza la Madiwani. Katika nyumba za siku hizi baraza lina mzigo mwingine ambao zile za kale hazikuwa nao sana: nguzo zake hushikilia ukingo wa paa la bati. Baraza la namna hiyo likishuka, paa nalo limeguswa.

Kwa nini nyumba isimame na baraza lishuke

Kuta za nyumba husimama juu ya msingi uliochimbwa hadi kwenye udongo mgumu. Baraza, kwa kawaida, halina msingi wa namna hiyo. Hujengwa mstari mfupi wa matofali kuzunguka eneo lake, ndani hujazwa kifusi, na juu ya kifusi humwagwa jamvi. Mara nyingi kazi hiyo hufanywa mwaka mmoja au miwili baada ya familia kuhamia, fedha zinapopatikana. Kwa hiyo mbele ya nyumba hukutana majengo mawili yenye umri tofauti, misingi tofauti na ardhi tofauti. Ufa mwembamba kwenye maungio yao ni jambo la kutarajiwa, na peke yake hauna madhara makubwa. Madhara huanza pale upande mmoja unaposhuka kuliko mwingine.

Mashaka ya kwanza yaelekezwe kwenye kifusi. Udongo uliotolewa wakati wa kuchimba msingi hurudishwa pale pale, ukiwa umechanganyika na majani, mizizi, mifuko ya saruji na vipande vya mbao za kuezekea. Vitu hivyo huoza na kuacha uwazi. Tena kifusi hicho hushindiliwa kidogo sana karibu na ukuta, kwa sababu fundi huogopa kuutikisa ukuta mbichi. Matokeo yake ni kwamba sehemu iliyo laini kuliko zote ndiyo iliyo jirani na mlango.

Kifusi kibovu kinaweza kukaa miaka bila kushuka sana, mpaka kipate maji. Ni vyema kulipima jambo hili kwa hesabu ndogo. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Upande wa mbele wa paa wenye mita 40 za mraba, mvua ikinyesha milimita 50 kwa siku, humwaga lita 2,000, yaani ndoo 100 za lita 20. Nyumba isiyo na gata humwaga maji yote hayo kwenye mstari mmoja, nao ni ukingo wa baraza, kwa maana bati huishia hapo. Maji huchimba mfereji chini ya tofali la pembeni, huingia ndani ya kifusi, na yanapotoka hubeba chembe za mchanga. Hakuna anayeona, kwa kuwa jamvi la juu linabaki zima kwa muda, likiwa limening'inia juu ya pango.

Pale ambapo udongo wenyewe ni mfinyanzi mweusi wa mbuga, habari ni nyingine. Udongo huo huvimba unapolowa na kusinyaa unapokauka. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ndefu, na wakati wa mvua hunata kwenye jembe na viatu. Mjini Kibaha, mkoani Pwani, nyumba zilizopasuka juu ya udongo wenye tabia hiyo zimefanyiwa uchunguzi wa kihandisi, na kuvimba na kusinyaa kwa ardhi kukaonekana kuwa sababu. Mkazi anaweza kuupima udongo wake bila chombo chochote: achukue donge lililo chini ya kina cha jembe, alilowanishe, alisokote kama kamba nyembamba, kisha aikunje kamba hiyo iwe pete. Isipokatika, udongo una mfinyanzi mwingi. Juu ya udongo wa namna hii baraza haliteremki tu. Hupanda na kushuka kila mwaka. Anayelisawazisha mwezi Septemba, ardhi ikiwa imesinyaa kabisa, huenda akaliona mwezi Aprili limeinuka ukingoni na kuinamia nyumba, na maji ya mvua yakielekea sebuleni.

Miti mikubwa huongeza tatizo hilo, kwa kuwa mizizi yake hunyonya maji ya mfinyanzi wakati wa ukame na kuufanya usinyae zaidi. Mkaratusi uliopandwa hatua chache kutoka barazani ni jirani mgumu. Zaidi ya miti, mabomba yanayovuja chini kwa chini, maji ya kufulia yanayomwagwa mahali pamoja kila siku, na njia za mchwa zinastahili kutazamwa, ingawa mchwa hulaumiwa mara nyingi kuliko anavyostahili.

Limebaki moja ambalo ni la hatari kuliko yote. Viwanja vingi vimegawanywa na kujengwa upya, na mahali palipokuwa na choo cha shimo au karo la zamani leo pana nyumba. Baraza linaloshuka mahali pamoja tu, likawa kama bakuli, au linalotoa mlio wa utupu sehemu moja kubwa, laweza kuwa limekalia shimo kuukuu. Baraza kama hilo halishuki taratibu hadi mwisho. Hufika siku likaanguka kwa mara moja. Watu waondolewe juu yake, sehemu hiyo izungushiwe kamba au miiba, wazee wa mtaa waulizwe zamani palikuwa na nini, na ofisi ya kata ijulishwe ili mtaalamu wa halmashauri aitwe kabla ya mtu yeyote kuingia na sururu.

Kupima kabla ya kununua saruji

Jicho hudanganya kwenye sakafu. Baraza linaweza kuonekana limeshuka kwa sababu ukuta umepigwa rangi upya na mstari wa rangi haukunyooka. Linaweza pia kuonekana zima ilhali limeshuka sawasawa pande zote. Kinachotakiwa ni alama, na alama hizo ziwekwe kwenye ukuta wa nyumba, kamwe si kwenye nguzo ya baraza, kwa kuwa nguzo huenda inashuka pamoja na sakafu na kutoa ushahidi wa uongo.

Chombo cha kutosha ni mpira mwembamba unaoonyesha maji yaliyo ndani yake, wenye urefu wa kutosha kufika kila pembe. Mpira hujazwa maji mpaka mapovu yote yatoke. Ncha moja hushikwa ukutani kwenye alama ya penseli iliyo mita 1 juu ya sakafu ya mlangoni, na ncha ya pili hupelekwa kwenye pembe ya baraza. Maji yakitulia kwenye alama ya ukutani, usawa wake upande wa pili ni uleule. Kutoka usawa huo hupimwa kwenda chini hadi sakafuni. Kama mlangoni ni sentimita 100 na pembeni ni sentimita 108, pembe hiyo iko chini kwa sentimita 8. Sehemu ya tofauti hiyo ni mteremko ambao fundi wa kwanza aliuweka kwa makusudi ili maji yatoke; ziada yake ndiyo kutitia. Mteremko wa kawaida ni sentimita 2 kwa kila mita, hivyo kwenye baraza lenye upana wa mita 1.5 sentimita 3 si kosa. Zilizobaki 5 zinahitaji maelezo.

Vipimo viandikwe daftarini pamoja na tarehe, kisha virudiwe. Mara tatu zinatosha: mwisho wa kiangazi, katikati ya mvua, na mwezi mmoja baada ya mvua kukatika. Nyufa nazo ziwekewe mistari miwili ya penseli kwenye ncha zake na tarehe kando, ili ionekane kama zinarefuka. Ni kazi ya kuchosha kwa mtu aliyekwisha kupata fedha za saruji na anayetaka kuimaliza kabla ya harusi au mfungo. Hata hivyo daftari hilo ndilo litakalojibu swali la mama, kwa kuwa baraza lililoshuka sentimita 5 miaka sita iliyopita na kutulia ni tatizo tofauti kabisa na lile lililoshuka sentimita 2 tangu Machi.

Kupima kukiisha, sakafu igongwegongwe kwa mpini wa nyundo, hatua kwa hatua. Mahali palipo na ardhi chini yake hutoa mlio mzito na mfupi. Palipo na uwazi hulia kama ngoma. Sehemu hizo zichorwe kwa chaki, na mara nyingi mchoro huo hufuata mstari wa matone ya paa.

Mwisho zitazamwe nguzo, tena si chini tu. Timazi ionyeshe kama zimesimama wima, kisha mtu apande ngazi aangalie mahali kichwa cha nguzo kinapokutana na boriti. Pakiwa na uwazi kati yao, nguzo imeshuka na boriti imebaki ikining'inia, ikishikwa na misumari ya kenchi tu. Paa halijaanguka kwa sababu bado linajishikilia lenyewe, nao upepo mkali mmoja waweza kubadili hali hiyo. Hapo ukarabati wa sakafu huwa jambo la pili.

Uzito wa tabaka la juu

Sasa unaweza kutazamwa ushauri wa kumwaga zege juu. Baraza la mfano lina urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.5, yaani mita 6 za mraba. Tabaka la sentimita 5 juu yake ni theluthi moja hivi ya mita ya ujazo, kwa hesabu kamili mita 0.3. Zege la kawaida huwa na kilo 2,400 hivi kwa mita moja ya ujazo. Tabaka hilo basi lina kilo 720, sawa na mifuko 14 ya saruji ya kilo 50 iliyopangwa barazani na kuachwa hapo daima. Kama kifusi kilishindwa kubeba jamvi la kwanza, hakuna sababu ya kutumaini kwamba kitabeba na hilo la pili.

Uzito si tatizo la pekee. Kila tabaka huinua sakafu kuelekea kizingiti, na siku inapolingana na sakafu ya ndani, maji ya mvua ya upepo hayana kinachoyazuia. Ngazi nazo huharibika kimyakimya: ya juu hubaki ndefu au fupi kuliko nyingine, na mguu uliozoea kimo kimoja hujikwaa gizani. Kwa bibi wa miaka sabini, tofauti ya sentimita 4 kwenye ngazi ni hatari kubwa kuliko ufa wowote. Zaidi ya hayo, unyevu na mchwa hupata njia mpya ya kuingia ukutani, juu ya usawa ambao mjenzi wa kwanza aliuwekea kinga.

Wengine hupunguza uzito kwa kupiga lipu nyembamba ya sentimita 1 au kubandika vigae. Lipu nyembamba juu ya zege kuukuu lililoshikwa na vumbi hubanduka kama ganda la yai, na vigae hupasuka kwa kufuata ufa uleule uliofichwa. Fedha hupotea, lakini la kusikitisha zaidi ni kwamba ufa uliokuwa ukitoa habari umezibwa mdomo.

Kufunika kunafaa pale daftari linapoonyesha kuwa baraza limetulia kupitia mvua na kiangazi, mlio wa sakafu ni mzito kila mahali, nguzo hazijaachana na boriti, na chini ya kizingiti bado kuna nafasi ya kutosha. Masharti haya yanakwenda pamoja. Likikosekana moja, kazi iahirishwe. Yakitimia, uso wa zamani hutinduliwa kwa tindo mpaka uwe na makwaruzo, huoshwa, huloweshwa usiku kucha, na kabla tu ya kumwaga zege jipya hupakwa uji wa saruji. Tabaka lisipungue sentimita 4 hata kwenye sehemu yake nyembamba. Kama ukingo wa ndani hauna nafasi ya unene huo, hapo ndipo zege la zamani litinduliwe kwenda chini, badala ya jipya kumalizikia kwa wembamba wa karatasi. Kando ya ukuta wa nyumba uachwe ukanda wa karatasi la lami au nailoni nene ili sakafu na ukuta visishikane, na mteremko urudishwe kuelekea nje.

Kazi inayoanzia chini

Masharti yasipotimia, baraza linahitaji kuvunjwa na kuanzishwa upya. Maneno hayo huogopesha kuliko gharama yake. Jamvi jipya la sentimita 10 kwenye baraza la mfano ni mita 0.6 za ujazo, na kwa mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4 huhitaji karibu mifuko 4 ya saruji. Lile tabaka la kufunika lingehitaji mifuko 2. Gharama kubwa iko kwenye moramu, misingi midogo ya nguzo, na siku za kazi ya mikono. Na kazi ya mikono ndiyo sehemu ambayo familia na majirani wanaweza kusaidia bila kuwa mafundi.

Paa hushikwa kwanza. Mirunda imara husimamishwa chini ya boriti, kila mmoja ukikanyaga ubao mpana uliowekwa kwenye ardhi ngumu, nje ya eneo litakalochimbwa, na hufungwa kwa mbao za mshazari ili isisukumwe. Nguzo isiguswe kabla mzigo haujahamia kwenye mirunda. Kazi hii haifai kujaribiwa na asiyewahi kuifanya. Watoto wapelekwe mlango wa nyuma, na mlango wa mbele ufungwe.

Jamvi huvunjwa vipande vipande na kifusi hutolewa hadi udongo mgumu uonekane. Njia rahisi ya kuutambua ni kuchomeka kipande cha nondo cha milimita 12 kwa nguvu za mikono: kikizama kama kwenye uji wa ugali, bado. Lakini upo mpaka usiovukwa, nao ni kitako cha msingi wa nyumba. Anayechimba chini ya kitako hicho anauondolea ukuta ardhi yake, na tatizo la baraza huwa tatizo la nyumba. Udongo laini ukiendelea chini ya mpaka huo, uchimbaji usimame na mhandisi wa halmashauri aulizwe.

Nguzo hupewa misingi yake yenyewe, iliyofika kwenye udongo mgumu na kumwagiwa zege pana kuliko nguzo. Huu ndio mgawanyo ambao mafundi wengi wa mitaani huupuuza: sakafu inaweza kupanda na kushuka kidogo bila kumdhuru mtu, lakini paa lisifuate mwendo huo. Nguzo inayosimama juu ya jamvi huunganisha mambo mawili yasiyostahili kuunganishwa.

Ujazaji hufanywa kwa moramu, wala si kwa udongo mweusi uliotoka shimoni, hata kama uko karibu na ni wa bure. Huwekwa kwa matabaka yasiyozidi sentimita 15, kila moja likinyunyiziwa maji na kushindiliwa mpaka kisigino kisiache alama. Kiasi cha maji hujulikana kwa kuifinya moramu mkononi: ishikane ikawa donge, lakini isiuache mkono umelowa. Anayejaza sentimita 60 kwa mara moja na kushindilia juu tu ameshindilia zile 15 za mwisho. Hapo ndipo mwenye nyumba anapopaswa kuwepo mwenyewe, kwa kuwa siku ya kumwaga zege kila mtu hutazama, lakini siku ya kushindilia hakuna anayetazama na ndiyo siku inayoamua.

Juu ya moramu hupangwa mawe, hutandikwa nailoni, kisha humwagwa jamvi lenye mteremko wake, likiwa limetengwa na ukuta wa nyumba. Mchanga wa ufukweni uepukwe, hasa penye nondo, kwa sababu chumvi yake huilisha kutu.

Kwenye mfinyanzi mweusi kuna njia nyingine inayostahili kupendekezwa zaidi ya inavyopendekezwa sasa. Badala ya jamvi, baraza hupangwa matofali madogo ya saruji, yale ambayo mafundi huyaita pevingi, juu ya mchanga uliotandazwa kwenye moramu iliyoshindiliwa na kuzungukwa na ukingo imara. Yakishuka sehemu moja, hung'olewa, mchanga huongezwa, nayo hurudishwa yaleyale. Nguzo zikiwa na misingi yake, paa halihusiki. Sakafu hiyo haing'ai kama niru, na wapo watakaoiona kama ua wa ofisi. Lakini ardhi inayopumua kila mwaka huvunja kilicho kigumu, ilhali kilicho vipande huifuata.

Maji yapelekwe wapi

Lolote litakalochaguliwa, lile pipa la mvua linalomwagika ukingoni halina budi kuondolewa, la sivyo kazi nzima itarudiwa. Gata na bomba la kushusha maji ndilo jibu bora, na tangi chini yake hugeuza hasara kuwa akiba. Asiyemudu gata ajenge mfereji wa saruji chini ya mstari wa matone, wenye mteremko wa kuyatoa maji mbali na nyumba. Yasielekezwe kwa jirani. Migogoro ya namna hiyo hufika kwenye ofisi za mitaa mara kwa mara, na ni rahisi kuizuia kwa mazungumzo kabla mfereji haujachimbwa.

Pengine maji yanatoka barabarani, kwa kuwa barabara imeinuliwa kwa kifusi na ua wa nyumba umebaki chini. Mkazi aliye katika hali hiyo asizibe mfereji wa barabara kwa mawe ili kujikinga. Taarifa ipelekwe kwa Ofisa Mtendaji wa Kata. Barabara za wilaya zimekuwa chini ya TARURA tangu 2017, na ofisi ya kata ndiyo kiungo cha karibu. Vilevile, kulisogeza baraza mbele au kuliongezea paa si ukarabati bali ni ujenzi, nao huhitaji kibali cha halmashauri. Kwa walio kando ya barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya 2007 imeweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na ngazi mpya inayoingia humo inaweza kubomolewa hata ikiwa imejengwa kwa ustadi.

Zege likishamwagwa, hufunikwa kwa magunia na kuloweshwa asubuhi na jioni kwa siku 7 bila kukosa. Jua la mchana wa kwanza ndilo linalolipasua. Baada ya siku hizo familia inaweza kupita juu yake. Mirunda hubaki pale pale, hata kama inawakera wageni, mpaka zege la nguzo na misingi yake litimize siku 28. Ndipo inapoondolewa, mmoja mmoja kwa zamu, fundi akiwa juu ya ngazi akitazama kama boriti imekaa sawasawa kwenye kichwa cha nguzo. Siku hiyohiyo mpira wa maji hutolewa tena, vipimo vya kwanza vya baraza jipya huandikwa, na ile alama ya penseli ukutani huachwa bila kupakwa rangi.